Kilimo hai: Sayansi yasemaje kuhusu mboga na dawa za wadudu

MNUNUZI wa sukuma wiki katika kibanda cha Makongeni, Nairobi, hawezi kutambua kwa macho iwapo mboga hiyo ilinyunyiziwa dawa jana au mwezi uliopita. Kwa hivyo mjadala kuhusu kilimo hai, yaani ukuzaji wa mimea bila fatalaiza na dawa za kemikali za viwandani, unamhusu mkazi wa Eastlands sawa na mkulima.

Mnamo 2012, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichanganua tafiti 237. Hawakupata ushahidi thabiti kwamba vyakula vya kilimo hai vina virutubishi zaidi, ingawa vilikuwa na mabaki machache ya dawa. Mwaka wa 2014, uchanganuzi wa tafiti 343 ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, ulibainisha kuwa mabaki hayo hupatikana mara nne zaidi katika mazao ya kilimo cha kawaida.

Anayekabiliwa na hatari kubwa zaidi ni mkulima anayebeba bomba la dawa mgongoni. Dawa za jamii ya oganofosfeti huvuruga mawasiliano ya neva. Aliyedhurika huumwa na kichwa, hutokwa na jasho jingi na hutapika. Sumu ikizidi, hushindwa kupumua.

Je, mkulima anaweza kupata mavuno bila kemikali hizo? Tangu 2007, kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, chenye makao makuu Kasarani, Nairobi, na taasisi ya FiBL ya Uswisi, wamelinganisha mifumo hiyo miwili huko Thika na Chuka. Matokeo yaliyochapishwa mnamo 2016 yalionyesha kwamba mahindi ya kilimo hai yaliyopata samadi na mboji ya kutosha yalitoa mavuno yaliyokaribiana na ya kilimo cha kawaida. Hata hivyo, faida ilihitaji subira ya miaka kadhaa, pamoja na bei bora sokoni.

Jumuiya ya Afrika Mashariki iliidhinisha viwango vya mazao ya kilimo hai mnamo 2007, na alama yake ni Kilimohai. Mboga nyingi za vibandani hazina alama hiyo. Kwa hizo, kinga ya kwanza ni mkulima kuzingatia siku za kusubiri kabla ya kuvuna, ambazo huandikwa kwenye kibandiko cha dawa.

Isitoshe, kukosa dawa si hakikisho la usalama. Mboga zilizomwagiliwa majitaka au maji ya mito iliyochafuliwa na viwanda huweza kufyonza madini hatari kama risasi na kadimiamu, ambayo hayaondoki kwa kuoshwa. Kuosha mboga kwa maji safi yanayotiririka hupunguza dawa iliyo juu ya majani, lakini hakuondoi iliyopenya ndani.

Hivyo basi, pamoja na bei, mnunuzi hana budi kumuuliza mwuzaji maswali mawili: mboga hizi zimetoka wapi, na zilimwagiliwa maji gani?