Kurekodi televisheni nyumbani: Ishara na umeme vitangulie bei

MKAZI wa Kasokola, Mpanda mkoani Katavi, anayechelewa kurejea nyumbani na kukosa taarifa ya habari ya saa 2:00 usiku au mechi ya Simba na Yanga, anaweza kuvirekodi vipindi hivyo na kuvitazama kwa wakati wake.

Hata hivyo, kifaa kinachofanya kazi vizuri katika nyumba moja huweza kuwa pambo tu katika nyumba ya jirani. Sababu ni kwamba wanunuzi wengi huanza kwa kuuliza bei, ilhali mambo mawili yanayoamua ni namna matangazo yanavyoifikia nyumba na aina ya umeme uliopo.

Ishara ndiyo mwanzo

Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia Desemba 31, 2012, ikianzia Dar es Salaam na kuendelea kwa awamu katika miji mingine. Tangu hapo televisheni ya zamani, maarufu kama ya chogo, haiwezi kupokea matangazo ya ndani bila king'amuzi.

Mabadiliko hayo yaliigusa pia deki ya video. Zamani deki ilinasa chaneli yenyewe kupitia antena, na mwenye nyumba aliweza kurekodi chaneli moja huku akitazama nyingine. Sasa deki hupokea picha kutoka kwenye king'amuzi kwa nyaya za rangi ya njano, nyeupe na nyekundu, na hurekodi chaneli ile tu iliyofunguliwa kwenye king'amuzi hicho.

Kwa hiyo, swali la kwanza ni iwapo nyumba inatumia antena ya kawaida au dishi. Picha ikiwa inakatika katika matangazo ya moja kwa moja, hakuna kifaa kitakachoirekodi ikiwa safi. Fedha za kwanza zitumike kurekebisha antena au dishi.

Aina za vifaa

Deki za VHS bado zinapatikana kwa mkono wa pili, lakini kampuni ya Funai ya Japan, iliyokuwa ya mwisho kuzitengeneza, ilisitisha uzalishaji Julai 2016. Vipuri na kanda mpya ni adimu. Deki inafaa zaidi kwa mwenye kanda za harusi au za familia anayetaka kuzihamishia kwenye diski kabla hazijaharibika.

Aina ya pili ni king'amuzi chenye diski ngumu ndani yake. Mfano ni DStv Explora, iliyoingia sokoni mwaka 2013. Chombo cha namna hii hurekodi chaneli moja huku nyingine ikitazamwa, na huweza kusimamisha matangazo ya moja kwa moja na kuyaendeleza baadaye. Kasoro yake ni kwamba vipindi hufungiwa ndani ya king'amuzi hicho. Malipo ya mwezi yakikatika, huweza kugoma kufunguka, na king'amuzi kikiungua vinapotea.

Aina ya tatu, ambayo ni nafuu kwa wengi, ni king'amuzi cha kawaida chenye tundu la USB, kinachorekodi kwenye flashi au diski ya nje. Si kila tundu la USB linarekodi; mengine ni ya kuchezea muziki na picha au kubadilishia programu ya king'amuzi pekee. Aidha, chaneli za kulipia zilizorekodiwa kwa njia hii mara nyingi hufunguka kwenye king'amuzi kilekile tu.

Aina ya nne ni televisheni bapa yenye uwezo wa kurekodi. Mnunuzi ajihadhari hapa, kwani televisheni hizo kwa kawaida hurekodi chaneli zinazonaswa na televisheni yenyewe, si picha inayoletwa na king'amuzi kwa waya wa HDMI. Nyumba inayotegemea king'amuzi cha kulipia haitafaidika.

Mwenye simu ya kisasa anaweza pia kutazama kwenye intaneti, kwa kuwa vituo vingi huweka taarifa zao za habari YouTube. Gharama yake ni kifurushi cha data kila mara, wakati kipindi kilichorekodiwa hurudiwa bila malipo mengine.

Umeme

Kwa miaka mingi Mpanda iliendeshwa kwa jenereta za dizeli za TANESCO, na wakazi wanajua hasara ya umeme kukatika ghafla. Kwa chombo kinachorekodi, hasara ni kubwa zaidi: kukatika katikati ya kipindi huweza kuharibu faili zima, na diski ngumu huweza kuharibika. Kifaa cha kudhibiti umeme ni sehemu ya gharama, si anasa.

Kwa anayetumia sola, habari njema ni kwamba televisheni inaweza kuzimwa wakati wa kurekodi. Kinachohitaji kubaki na umeme ni king'amuzi na dishi lake. Lakini swichi ya ukutani ikizimwa, hakuna kitakachorekodiwa.

Flashi inafaa zaidi kwa sola kwa kuwa hutumia umeme kidogo. Tundu la kawaida la USB 2.0 hutoa miliampia 500, kiasi ambacho diski ngumu nyingi za nje hukiona kidogo; diski hulia, huzimika na kurekodi hukatika.

Ukubwa wa hifadhi

Chaneli inayotumwa kwa kasi ya megabiti 4 kwa sekunde hujaza takribani gigabaiti 1.8 kwa saa. Flashi ya gigabaiti 32 itabeba saa 17 hivi. Picha ya HD hula zaidi, wakati mwingine gigabaiti 3 au zaidi kwa saa.

Flashi iliyoandaliwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili linalozidi gigabaiti 4. Ving'amuzi vingine hukata kipindi vipande vipande, vingine husimama kabla mechi haijaisha.

Saa na sheria

Kosa linalowakosesha wengi kipindi ni saa. King'amuzi huhesabu saa 24, hivyo taarifa ya saa 2:00 usiku huandikwa 20:00. Anayeandika 02:00 atarekodi usiku wa manane. Ni vyema kuanza dakika tano kabla na kumaliza dakika kumi baadaye.

Kurekodi kwa ajili ya familia ni tofauti na kuonyesha kwa kiingilio. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, mwenye kibanda cha video anahitaji idhini ya mwenye kazi.

Kabla ya kulipa

Mnunuzi aende dukani na flashi yake, aombe kipindi kirekodiwe kwa dakika tano, televisheni ikiwa imezimwa, kisha kifunguliwe mbele yake. Ajaribu pia kukifungua kwenye kompyuta, ili ajue kama kitabaki chake siku king'amuzi kitakapokufa. Muuzaji akikataa jaribio hilo, duka jingine litafutwe.