Kitufe cha Shifti na Cheo cha Kyala

Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kuhakiki wahusika, mandhari na matumizi ya lugha. Ni mara chache tunahakiki herufi. Makala haya yanadai kwamba herufi kubwa nayo hubeba itikadi, na kwamba shifti, kitufe kinachoizalisha, kinamhusu sana yeyote anayekusanya fasihi simulizi ya Rungwe.

Hebu tuanze na mashine yenyewe. Taipureta ya Sholes na Glidden, iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1874, ilipiga herufi kubwa tu. Mwaka 1878 ikaja Remington namba 2. Humo kila mkono wa chuma ulibeba herufi mbili, kubwa na ndogo. Mpigaji alipokandamiza shifti, sehemu iliyobeba karatasi ilisogea, herufi ya pili ikagonga. Ndiyo asili ya jina lake: kusogeza. Kwenye kompyuta hakuna kinachosogea. Shifti hupeleka ishara, na programu ikaandika A badala ya a, au alama iliyochorwa juu ya kitufe, kwa mfano kiulizo. Katika mfumo wa ASCII, A ni 65 na a ni 97. Tofauti ni 32, basi.

Lakini tofauti hiyo ndogo ina uzito. Hati ya Kiarabu, iliyobeba ushairi wetu wa pwani kwa karne kadhaa, haina herufi kubwa. Mwandiko wa Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728 hauwezi kutenganisha "Mungu" na "mungu" kwa umbo la herufi. Mdomo nao hauwezi. Msimulizi hana shifti.

Sasa basi, twende Rungwe. Wamisionari wa Moravian walifika huko mwaka 1891. Baadaye, kati ya 1934 na 1938, Godfrey na Monica Wilson walifanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa. Katika kitabu chake cha mwaka 1959 kuhusu matambiko ya jumuiya, Monica Wilson anamweleza Kyala kama mmoja wa mashujaa wa kale, sambamba na Lwembe. Lwembe alitambikiwa kwenye kichaka cha Lubaga, Kyala kwenye pango karibu na Ziwa Nyasa. Wamisionari wakalichukua jina la Kyala likawa jina la Mungu wa Biblia. Lwembe akaachwa kichakani.

Mgogoro unajitokeza tunapotafsiri. Nimekuwa nikichapa masimulizi kutoka vijiji vya jirani na Tukuyu, na kila jina hilo linapotokea kidole kinasita. Nikiandika "Kyala ni Mungu, Lwembe ni mungu", sijaongeza neno hata moja, lakini nimetoa hukumu ambayo msimulizi hakuitoa. Nimempandisha mmoja cheo na kumshusha mwingine, tena kwa kidole kidogo!

Kuna watakaosema: lawama ni za wamisionari, tumalize. Jamani, si rahisi hivyo. Wamisionari wale walikuwa Wajerumani, na katika Kijerumani kila nomino huanza kwa herufi kubwa. Mungu wa kanisa, miungu ya jadi, meza na kiti, vyote hupata heshima ileile. Kwa lugha yao, herufi haikuwa ngazi ya vyeo. Kilichompandisha Kyala ni uteuzi wa jina. Ngazi ya herufi tunaipanda sisi, katika Kiswahili chetu, kila tunapobonyeza.

Wala sisemi tuandike "mungu" kila mahali. Mkristo wa Tukuyu wa leo anaposema Kyala anamkusudia Mungu muumba, na kumnyima herufi kubwa ni kumsemea. Ninachopinga ni mazoea: kuiacha shifti ifanye kazi ya uhakiki.

Kwa mtazamo wangu, mkusanyaji hana budi kufanya mambo mawili. Kwanza, ayaache majina, Kyala na Lwembe, pale yalipotamkwa. Yote mawili ni majina ya pekee, kwa hiyo yanastahili herufi kubwa bila ubishi. Pili, pale asipokwepa kutafsiri, amuulize msimulizi anamaanisha nani, kisha aeleze uamuzi wake katika utangulizi. Wahakiki wa kesho watasoma karatasi, hawatamsikia mzee. Wakikuta Lwembe ana herufi ndogo, watadhani ndivyo Rungwe ilivyonena.