Pikipiki ya Mwingereza, Pamba ya Msukuma na Daftari la Tajiri

Kila nifikapo Bariadi kwa pikipiki, swali ni lile lile. Nikisimama kijiweni karibu na stendi, vijana wa bodaboda huizunguka, hugonga tangi lake kwa kidole, huinama kuitazama injini, kisha mmoja huuliza: "Dokta, hii ndiyo ile ya Mwingereza?" Kwa muda mrefu nimekuwa nikijibu kwa mkato kwamba ndiyo, na siyo. Leo nataka kulijibu kwa kirefu, kwa sababu nimegundua kwamba ndani ya swali hilo dogo imo historia ya pamba yetu, ushirika wetu na umaskini wetu.

Nianze na chombo chenyewe. Ni Royal Enfield, injini ya silinda moja, cc 349, uzito wa kilo 195. Ina taa kubwa ya duara, tangi la mviringo na umbo lililokwisha kuzoeleka Ulaya kabla ya baba yangu kuzaliwa. Mlio wake si ule mwembamba wa pikipiki za kijiweni. Ni mzito, wa kuhesabika, kama mtu anayetwanga taratibu. Nikitoka Mwanza hupita Magu, nikavuka mto Simiyu, nikafika Lamadi na kukata kulia kuelekea Dutwa na Bariadi. Kwenye lami ni raha tupu. Lakini nikiiacha lami wakati wa mvua na kuingia kwenye udongo mweusi wa mbuga, raha hiyo huisha. Matope hujaa kwenye matairi, nami hubaki nikisukuma huku kijana mwenye Boxer na magunia mawili akinipita na kunisalimu kwa adabu.

Mwenzangu mmoja wa kazini aliwahi kuniambia kwamba pikipiki hii ni ukasuku wa kikoloni wa magurudumu mawili. Yaani mjukuu wa mtawaliwa anatumia mshahara wake kununua umbo la mtawala. Sikukasirika. Nilimwambia kwamba hoja yake ingekuwa kamili kama pikipiki ingetoka Uingereza. Imetengenezwa India, katika eneo la Chennai, na kampuni yenyewe ni mali ya Wahindi. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: ilikuwaje mtawaliwa mmoja akamiliki kiwanda cha mtawala wake, na mtawaliwa mwingine akabaki mteja?

Marehemu babu yangu, mzaa mama, alikuwa karani wa mizani ya pamba katika miaka ya 1950. Kwake pikipiki ya kwanza ilikuwa ya ofisa kilimo wa Kizungu, aliyekuja kukagua kama wakulima wameng'oa na kuchoma miti ya pamba ya msimu uliopita. Babu aliiita "bi-esi-ei" hadi anakufa, hata alipozungumzia pikipiki ya Kijapani. Hakujua kwamba herufi hizo tatu zilimaanisha kampuni ya silaha ya Birmingham: BSA, Birmingham Small Arms, iliyoanzishwa mwaka 1861 na mafundi wa bunduki. Ilianza na bunduki, ikaingia kwenye baiskeli, na mwaka 1910 ikaonyesha pikipiki yake ya kwanza. Katika Vita Kuu ya Pili ilitengeneza zaidi ya pikipiki 120,000 za aina ya M20 kwa ajili ya jeshi. Hata jina Enfield lilitokana na kiwanda cha bunduki. Pikipiki hizi zilizaliwa katika nyumba moja na silaha zilizoijenga himaya, na zilipofika Usukumani zilikuja zimembeba mtu mwenye amri.

Lakini babu hakupenda sana kuzungumzia pikipiki. Alipenda kuzungumzia mizani. Wakati huo mkulima alipeleka pamba yake kwa mnunuzi binafsi, na mnunuzi huyo huyo ndiye aliyeshika mizani, ndiye aliyeisoma na ndiye aliyeandika. Mkulima aliyekuwa amelima msimu mzima aliambiwa uzito, akapewa fedha, akaondoka. Malalamiko ya kupunjwa yalijaa Usukuma yote. Wakulima hawakuanza kwa kudai uhuru wa nchi. Walianza kwa kudai mtu wao asimame kando ya mizani. Wakaweka makarani wao wa kupima upya. Kutokana na vuguvugu hilo kikaundwa chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa mwaka 1952, na mwaka 1955 likazaliwa shirikisho la vyama vya ushirika lililojulikana kama Victoria Federation, likiongozwa na Paul Bomani, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Fedha wa nchi huru. Katika miaka michache shirikisho hilo lilikuwa miongoni mwa vyombo vikubwa vya ushirika barani Afrika, likiwa na vyama vya msingi mamia na viwanda vyake lenyewe vya kuchambua pamba. Karani aliyesimama kando ya mizani alikuwa ndiye tofali la kwanza la jengo hilo.

Fedha za pamba zilionekana. Zilinunua bati, baiskeli za Raleigh kutoka Nottingham, cherehani na ada za shule. Mama yangu alisoma kwa pamba, nami nimefika nilipofika kwa kusimama juu ya mabega hayo.

Sasa tuone yaliyowapata wale wenye pikipiki. Katika miaka ya 1950 Uingereza ilikuwa miongoni mwa vinara wa pikipiki duniani. Triumph, Norton, BSA na Matchless zilikuwa majina ya kuogopwa. Mwaka 1958 Honda ikatoa pikipiki ndogo iitwayo Super Cub. Wakuu wengi wa viwanda vya Uingereza hawakushtuka. Waliamini Wajapani wangewafundisha vijana kuendesha, kisha vijana hao wakikua wangekuja kununua pikipiki kubwa za Kiingereza. Mitambo ikazeeka, faida ikaliwa, mafuta yakaendelea kuvuja kwenye injini. Mwaka 1973 BSA ikaporomoka. Mwaka huo huo wafanyakazi wa Triumph huko Meriden walikalia kiwanda chao kisifungwe, na mwaka 1975 wakakiendesha kama ushirika kwa mkopo wa serikali. Ushirika huo ulidumu hadi 1983. Ndugu msomaji, nchini mwa mabwana pia ushirika ulikuwa kimbilio la wanyonge, na kule pia ulishindwa.

India ilichukua njia nyingine. Baada ya uhuru, jeshi lake lilihitaji pikipiki imara za kulinda mipaka, nalo likachagua Royal Enfield Bullet. Mwaka 1955 kampuni ya Madras ikaungana na Royal Enfield ya Redditch kuunda Enfield India. Mwanzoni vipande vilikuja kwa meli na kuunganishwa Madras. Lakini hawakuishia hapo. Walichukua mitambo ya kutengenezea vipuri, wakafundisha mafundi wao, na mapema katika miaka ya 1960 Bullet ikawa inatengenezwa nchini humo. Serikali nayo ilikuwa imezuia uingizaji holela wa bidhaa, hivyo kiwanda kilipata muda wa kukosea na kujifunza. Kiwanda cha Redditch kikafungwa mwaka 1967 na kampuni mama ikafa. Mtoto akabaki hai, akarithi jina.

Na mrithi hakuwa huyo peke yake. Mwaka 2016 jina la BSA lilinunuliwa na kampuni tanzu ya Mahindra. Mwaka 2020 Norton ilinunuliwa na TVS kwa pauni milioni 16. Hiyo ndiyo Norton ambayo Che Guevara aliipanda Amerika ya Kusini mwaka 1952, miaka kumi na mitatu kabla ya kupita Dar es Salaam na Kigoma akielekea Kongo. Mwaka huo huo wa 2020 Triumph ikatia saini ubia na Bajaj, na sasa pikipiki zake za cc 400 hutengenezwa na Bajaj huko India. Nilipowaeleza vijana wa kijiweni jambo hili, walikaa kimya kidogo. TVS na Bajaj! Majina hayo wamekalia kila siku. Pikipiki ya Mwingereza haiko kwangu peke yangu. Mwenye Norton ndiye aliyewauzia wao chombo cha kubebea mahindi.

Sisi tulikuwa wapi? Tusijidharau, tulijaribu. Mwanza ilijengewa kiwanda cha nguo cha Mwatex. Dar es Salaam tulitengeneza baiskeli za Swala. Kibaha jeshi letu liliunda gari la Nyumbu. Lakini chombo kilichokuwa kimejifunza kwa muda mrefu zaidi, tena kutoka chini, kilikuwa ushirika wa pamba, nacho tukakivunja. Najua ulikuwa na maradhi. Tume ya Rais ya mwaka 1966 ilikuta ubadhirifu, upendeleo na viongozi wasiowajibika kwa wanachama. Hata hivyo, mgonjwa hutibiwa. Mwaka 1976 serikali ilivifuta vyama vya ushirika na kazi yao ikapewa vyombo vya dola. Viliporudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, majina yalirudi lakini kumbukumbu haikurudi. Makarani kama babu walikuwa wamekwenda nyumbani na ujuzi wao.

Sidai kwamba Bariadi ingekuwa Chennai. India ina soko la mamia ya mamilioni ya watu na ilikuwa na viwanda kabla ya uhuru. Ninachodai ni kidogo zaidi: kwamba nchi humiliki kitu pale tu inapomiliki ujuzi wa kukitengeneza na daftari la kukihesabia. Simiyu leo ndio mkoa unaoongoza kwa pamba nchini, na bado sehemu kubwa ya pamba yetu huondoka ikiwa marobota. Shati hurudi likiwa mtumba.

Ningeweza kuishia hapo, na makala ingekuwa salama. Lakini kuna jambo la nyumbani.

Mtoto wa dada yangu aliendesha bodaboda hapo Bariadi kwa mkataba. Msomaji wa mjini pengine hajui utaratibu huo: tajiri hununua pikipiki, kijana huilipia kila siku kwa muda waliokubaliana, na mwisho wa muda chombo huwa chake. Wao walikubaliana shilingi 10,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa miezi kumi na minne. Mwezi wa kumi na tatu kijana akaugua malaria, akalala wiki mbili. Tajiri akaja kuichukua pikipiki, akasema mkataba umevunjwa. Kwa hesabu ya kijana, alikuwa amekwisha kulipa zaidi ya shilingi milioni tatu kwa chombo ambacho dukani kilikuwa chini ya hapo. Kwa hesabu ya tajiri, siku nyingi hazikulipwa. Nilimwuliza mpwa wangu ushahidi uko wapi. Akanitazama, akasema: "Mjomba, daftari analo yeye."

Sikupata la kumjibu. Miaka sabini baada ya babu kusimama kando ya mizani, mjukuu wa binti yake alikuwa amerudi pale pale: anayepokea ndiye anayesoma, na ndiye anayeandika. Nami, mwenye shahada ya uzamivu, ninayefundisha vijana wa watu historia ya ushirika, nilikuwa nimepita kijiweni hapo mara nyingi kwa pikipiki yenye thamani ya Boxer kadhaa, nikipokea sifa za mlio wake. Sikuwahi kuomba kuuona mkataba.

Tulikwenda kwa mtendaji wa kata. Pikipiki haikurudi, zilirudi fedha kidogo kwa maelewano ya wazee. Lakini kijiweni kulitokea jambo. Vijana kumi na mmoja wamekubaliana kwamba kila mwenye mkataba awe na nakala yake, na kila malipo yaandikwe katika madaftari mawili, yakiwa na saini za pande zote mbili, mwenzao mmoja akishuhudia. Wanaweka akiba kila Jumamosi ili mmoja baada ya mwingine anunue chombo bila tajiri. Mpwa wangu ndiye mweka kumbukumbu. Mchango wangu ulikuwa madaftari na mtaji wa kuanzia, jambo nililopaswa kulifanya kabla hajaugua.

Kuhusu ujuzi, nimeona mengine. Msimu uliopita kishikizo cha ekzosi ya pikipiki yangu kilikatika nikiwa njiani. Duka moja la mjini liliniambia nisubiri kipuri kwa wiki sita. Fundi mmoja wa Somanda alikitazama kipande kilichokatika, akachukua chuma cha trela bovu, akakata, akakunja, akatoboa, akachomelea. Kazi ya saa mbili. Bado kinashika. Fundi huyo hana cheti, hana mkopo, na hakuna mtu aliyewahi kumwuliza anaweza kutengeneza vipuri vingapi vya TVS, ilhali mkoa mzima unaziendesha. Madras ilianza na watu wa namna hiyo, isipokuwa wao waliwekewa kiwanda nyuma yao.

Basi kijana akiniuliza tena kama hii ni pikipiki ya Mwingereza, nitamjibu hivi: ilikuwa yake, akaizembea, Mhindi akajifunza kuitengeneza, na mimi nimeinunua tu. Kisha nitamwuliza yeye ya kwake ni ya nani, na kama nakala ya daftari anayo.