Saa Tisa na Dakika Arobaini

Kwenye kadi ya hospitali ya mjomba wangu pameandikwa kwa peni ya bluu kwamba alifika saa 9:40 mchana. Chini yake kuna mstari wa kujaza tatizo lilianza lini. Mstari huo uko mtupu. Aliyeijaza kadi alikuwa na foleni ndefu mbele yake, na jina la hospitali naliacha kwa sababu ingeweza kuwa yoyote ya mjini hapa. Ila mimi nasoma historia, shahada ya uzamili, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kukaa na karatasi za watu waliokwisha kufa. Nilipoikuta kadi ile ndani ya bahasha ya michango ya msiba, nilifanya kile ninachokifanya maktaba. Nikajiuliza karatasi hii inaanzia wapi, na imeacha nini nyuma yake.

Mjomba alikuwa muuza mitumba Mchikichini, kwenye lile soko ambalo wengi wanaliita Karume, lililoungua usiku wa kuamkia Januari 16, 2022. Yeye ni mmoja wa waliorudi juu ya majivu na kuanza upya. Siku aliyougua alishindwa kufunga vifungo vya shati. Mdomo ulikuwa umekwenda upande na mkono wa kulia unaning'inia kama wa mtu mwingine. Nyumba ina wapangaji sita, kwa hiyo maoni hayakukosekana. Mmoja alisema presha. Mwingine akasema kaparalaizi, mtu akiparalaizi anakandwa kwanza. Wa tatu akasema upepo mbaya, aitwe ustadhi. Alikandwa, akasomewa. Mkewe, ambaye sisi wapwa tunamwita Anti, alikwenda kumtafuta kijumbe wa mchezo wao wa upatu ili apewe zamu yake mapema, maana bima hawakuwa nayo. Kijumbe alikuwa Buguruni. Dereva wa bajaji wa kwanza alipomtazama mgonjwa akakataa. Akimfia mle ndani, alisema, ataanza safari za polisi. Mwishowe alipelekwa kwa guta la kijana anayebeba mabelo, akiwa amelazwa juu ya viroba vya mitumba vilivyokunjuliwa, vijana watatu wakikimbia pembeni wakiomba njia.

Alifariki siku ya tatu. Katika takwimu za hospitali ile, kisa chake kinaanza saa 9:40.

Nimekuwa nikisoma ripoti za mwaka za idara ya tiba ya Tanganyika, zile za enzi ya Mwingereza. Zina majedwali mazuri sana, kama unapenda majedwali: waliolazwa, waliotibiwa wakarudi nyumbani, waliokufa, kwa ugonjwa na kwa rangi ya mtu. Mwanzoni nilizisoma kama picha ya afya ya mji. Baada ya kadi ya mjomba nikaona kwamba ni picha ya mlango. Zinatuambia nani alifika, na hatima yake baada ya kufika. Mtu aliyekufa Ilala juu ya kitanda cha kamba hayumo.

Jina la Kariakoo lenyewe limebeba habari hii, ingawa tunalitamka kila siku bila kuisikia. Linatokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, waliopiga kambi hapa baada ya mji kutekwa mwaka 1916. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa katika vita ile, wengi kwa kuhara damu, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Hesabu yao imebaki na ubishi kwa sababu iliyo wazi: aliyefia kwenye hospitali ya kambi aliandikwa, aliyelala chini ya mti njiani akirudi kwao mara nyingi hakuandikwa. Kwa hiyo mtaa wenye jina la watu waliobeba mizigo ya jeshi ni mtaa wenye jina la watu ambao, walipougua wenyewe, hawakuwa na wa kuwabeba.

Mji nao ulipangwa hivyo hivyo. Wajerumani walijenga hospitali ya Ocean Road kando ya bahari, ikafunguliwa mwaka 1897 kwa ajili ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walipata hospitali iliyotokana na fedha za Sewa Haji Paroo, tajiri wa Bagamoyo aliyefariki mwaka huo huo wa 1897. Serikali zote mbili za kikoloni zilitaka mji wenye kanda: Uzunguni, Uhindini, na mji wa Waafrika huku kwetu. Katikati, miaka ya mwanzo ya 1920, Waingereza wakasafisha ukanda mpana usio na nyumba, na moja ya hoja zao ilikuwa afya, yaani kuwakinga wengine na malaria ya Waafrika. Sehemu ya ukanda ule leo ni viwanja vya Mnazi Mmoja, tunakopiga picha za mahafali. Kila nikivuka pale najiwazia mgonjwa wa Kariakoo wa mwaka 1925 akivushwa usiku. Uwanja uliowekwa kwa jina la afya ulimwongezea hatua za kufikia tiba.

Hospitali mpya ya Princess Margaret, ambayo baada ya uhuru ikawa Muhimbili, ilifunguliwa mwaka 1956, na jengo moja la wodi pale hadi leo linaitwa Sewahaji. Kutoka Mchikichini si mbali. Unafuata Mtaa wa Msimbazi hadi Faya, kisha Barabara ya Umoja wa Mataifa, umefika. Kijiografia sisi ni watu wenye bahati. Nimekulia nikisikia wageni kutoka mikoani wakisema, "Nyie hospitali mnayo mlangoni."

Umbali, hata hivyo, haupimwi kwa kilomita peke yake. Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walichapisha makala kuhusu vifo vya wajawazito, wakaeleza ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kutafuta tiba, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Mfumo huo sasa unatumika kwa dharura za kila namna. Nilipoupanga mchana wa mjomba ndani yake, ulikaa sawasawa, na hapo ndipo ukanikera. Neno "kuchelewa kuamua" linafanya ionekane kana kwamba Anti alikaa kibarazani akisitasita. Anti hakukaa kabisa siku ile. Alikuwa anatafuta fedha, kwa sababu alijua zitatakiwa.

Na kujua huko kuna tarehe. Baada ya Azimio la Arusha serikali ilichukua jukumu la tiba ya bure, na mwaka 1977 ikapiga marufuku hospitali za binafsi za biashara. Mwaka 1991 ziliruhusiwa tena. Mwaka 1993 hospitali za umma zikaanza kuchangisha wagonjwa. Mwenye umri wa Anti ameyaona yote mawili: utoto ambao uliingia hospitali mikono mitupu, na utu uzima ambao kwanza unaangalia pochi. Saa alizotumia kumsaka kijumbe ni saa za sera ile, ingawa hakuna jedwali litakaloziweka hapo.

Kwa majeruhi kuna karatasi nyingine, PF3, fomu ya polisi. Watu wa Kariakoo wanaijua njia ya Kituo cha Msimbazi kwa sababu hiyo. Viongozi wa serikali wamesema zaidi ya mara moja kwamba majeruhi atibiwe kwanza, fomu ifuate. Kinachonishughulisha mimi ni kwamba agizo hilo limelazimika kurudiwa, na kwamba yule dereva wa bajaji alikuwa anaogopa polisi kwa ajili ya mgonjwa ambaye hakuwa na jeraha lolote.

Wapo waliowahi kuliona pengo hili na kulifuata kwa miguu. Mwaka 1992 ulianza mradi wa kuchunguza maradhi na vifo vya watu wazima, ukishirikisha Wizara ya Afya na Chuo Kikuu cha Newcastle, katika maeneo ya Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini. Msingi wake ulikuwa rahisi: wengi hufia nyumbani, basi usisubiri hospitalini. Wahesabuji walipita nyumba kwa nyumba, na palipokuwa na msiba walirudi baadaye kuwahoji wafiwa. Alianza kuumwa lini, alilalamika nini, mlimpeleka wapi kwanza. Nadhani ni miongoni mwa kazi bora za historia simulizi zilizowahi kufanyika katika mji huu, ingawa waliozifanya hawakuziita hivyo.

Kutokana na misingi ile ulifuata utafiti wa kiharusi kati ya Juni 2003 na Juni 2006, Hai na Dar es Salaam, matokeo yakachapishwa mwaka 2010. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, Hai walipatikana wagonjwa wapya 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Dar es Salaam walikuwa 315.9. Karibu mara tatu. Rudia kuzisoma namba hizo ukikumbuka kwamba kiharusi wengi wetu bado tunakifikiria kuwa ugonjwa wa wazungu na matajiri. Mjomba alikuwa na presha kwa miaka. Alikuwa akinunua dawa kwa vidonge vitano vitano, biashara ikichanganya.

Mwaka huo huo wa 2010, mwezi Januari, Muhimbili ilifungua idara ya magonjwa ya dharura, ya kwanza ya umma nchini yenye uwezo kamili, kwa ubia wa serikali na mfuko wa Abbott. Mafunzo ya madaktari bingwa wa fani hiyo yalianza pale chuoni, na wa kwanza wakahitimu mwaka 2013. Kabla yake mgonjwa mahututi alikuwa anapokelewa na yeyote aliyekuwa zamu. Sasa kulikuwa na mtu aliyesomea dakika za kwanza, na mgonjwa alipangwa kwa uzito wa hali yake badala ya nafasi yake kwenye foleni. Hayo ni mapinduzi ya kweli na sitaki kuyapunguza. Idara ile ndiyo pia iliyotuletea utafiti mwingi tunaousoma leo kuhusu nani anakuja, na nini, na anaondoka vipi. Ila ni mapinduzi ya ndani ya mlango. Nje yake guta ni lile lile.

Miaka miwili hivi baadaye serikali yenyewe ilirefusha njia, bila kukusudia. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40 jijini, na wakazi wa bonde la Msimbazi, majirani zetu wa kule chini, wakahamishiwa Mabwepande. Walipewa viwanja mahali pasipo na maji ya mto, na hilo ni jambo jema. Walipewa pia kilomita 30 hivi kati yao na Muhimbili waliyokuwa wakiiona ng'ambo ya bonde. Baadhi wakarudi. Magazeti yaliwaita wakaidi. Mtu mwenye mtoto wa kifafa anaweza kukupa hesabu nyingine.

Novemba 16, 2024, Jumamosi asubuhi, ghorofa liliporomoka Kariakoo. Zaidi ya watu 20 walikufa na zaidi ya 80 wakatolewa wakiwa hai. Kabla ya mitambo, waliofika kwanza ni wachuuzi na wapagazi wa mitaa ile, na nyundo na mikono yao. Watu walipigiwa simu na ndugu zao kutoka chini ya kifusi. Nilisimama mbali nikaona jinsi ambavyo mtaa huu unajua kubeba: mstari wa watu unajipanga wenyewe, tofali linapita mkono kwa mkono. Tunao uwezo huo tayari. Mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, umekwishaonyesha kwa wajawazito na vichanga namna ya kuutumia: unapiga 115, na pasipo gari la wagonjwa anaitwa dereva wa kawaida wa jirani aliyekwisha kusajiliwa, naye analipwa. Mwanamume wa miaka 58 aliyelegea mkono wa kulia hana namba hiyo.

Wiki ya arobaini nilimwomba Anti tukae. Nilikuwa na daftari, akanicheka kidogo. Nikamwuliza ni saa ngapi hasa Mjomba alianza kuumwa. Akasema asubuhi. Asubuhi ya saa ngapi, Anti? Hakuangalia saa. Nani angeangalia saa? Nikamwuliza alisikia nini, nje kulikuwa na nini.

Akafumba macho. Adhana ya alfajiri ilikuwa imeshapita, alisema, kwa sababu Mjomba alirudi msikitini kwa miguu yake mwenyewe. Kisha akaingia kubadili shati. Dirishani kulikuwa kunaingia moshi, ule wa kuni mbichi, na Anti akasema kwa hasira yule muuza supu kila siku anatupulizia moshi. Hapo akageuka ili Mjomba amjibu, na Mjomba hakujibu.

Nikashuka hadi kwa muuza supu. Anawasha moto saa 11 na nusu, aliniambia, hajawahi kuchelewa hata siku moja tangu aanze, labda siku za mvua kubwa. Mvua haikuwepo siku ile. Niliitoa kadi kwenye bahasha, na kwenye mstari ule mtupu nikaandika kwa penseli: saa 11:30 alfajiri, muuza supu anawasha moto.