Mateso ya Kukirisha katika Sheria ya Kongo

Katika Kifaransa cha mahakama za kale, neno «question», yaani swali, lilikuwa pia jina la mateso aliyopewa mshitakiwa ili akiri. Amri ya mfalme Louis XIV ya mwaka 1670 iliyawekea utaratibu; mwaka 1780 Louis XVI alifuta yale ya kukirisha kabla ya hukumu. Kuuliza na kutesa vilikuwa vimehesabiwa kazi moja.

Sheria ya jinai ya Kongo, iliyoachwa na Wabelgiji, ni ya tarehe 30 Januari 1940. Mtu angetazamia kukuta humo kifungu juu ya mateso. Hakikuwamo. Mateso yalitajwa katika kifungu cha 67, kinachomwadhibu anayemteka, kumkamata au kumzuia mwenzake bila haki: mtu huyo akiteswa mwilini, adhabu hupanda hadi kifungo cha miaka 5 hadi 20. Mateso yalikuwa, basi, mkia wa kosa jingine. Na yule aliyekamatwa kihalali, kisha akapigwa chumbani mwa askari mpaka akakubali wizi asioujua? Kwake kilibaki kifungu cha 46, cha kupiga na kujeruhi, ambacho adhabu yake ya kawaida haizidi miezi 6, sawasawa na ugomvi wa kilabuni. Majeraha makubwa au kifo viliongeza adhabu. Lakini nia ya kumtoa mtu maneno kwa nguvu haikuhesabiwa popote.

Mwaka 1996 Zaire ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1984 dhidi ya mateso, unaoidai kila nchi iyafanye kosa la jinai. Miaka 15 ikapita. Sheria nambari 11/008 ya tarehe 9 Julai 2011 ndiyo iliyoingiza kifungu cha 48 bis na vinavyokifuata. Sasa mtumishi wa serikali anayemtia mtu kwa makusudi maumivu makali, ya mwili au ya akili, ili apate habari au ukiri, hufungwa miaka 5 hadi 10, na zaidi madhara yakiwa mazito.

Hapa mfasiri wa mahakama ana kazi. Katika Kiswahili njaa hutesa, malaria hutesa, hata mume hutesa. Mshitakiwa akisema «walinitesa», hajasema bado ni nani, wala walitaka nini kinywani mwake. Na kifungu cha 48 bis husimama juu ya mambo hayo mawili.