Neno na Majirani Zake

Kuna maradhi yaliyoanza kuua watu kabla hayajapata jina. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waliripotiwa mkoani Kagera, lakini neno UKIMWI lilikuwa bado halijafika midomoni mwa watu. Huko Bukoba walisema "Juliana", jina la nguo iliyovuma enzi zile za biashara ya mpakani. Ng'ambo, Uganda, wakasema "slim", maana mgonjwa alikonda akabaki mifupa.

Hebu tuchukulie kuna barua ya mwaka 1984, ya mwalimu wa kijijini, inayoeleza jinsi Juliana ilivyomaliza nyumba tatu. Imehifadhiwa vizuri. Anakuja mtafiti, anaandika UKIMWI katika kompyuta, anabonyeza. Hakuna kitu! Barua ipo, tena huenda ndiyo aliyoihitaji kuliko zote, ila haina neno lake. Kwa mashine inayolinganisha herufi, barua hiyo ni kama haikuandikwa.

Wakutubi walilijua tatizo hili kabla ya kompyuta. Dawa yao ilikuwa orodha ya maneno rasmi: mkutubi anasoma, anaamua kitabu kinahusu nini, anakipa neno lililoidhinishwa, na kadi inamwelekeza msomaji: Juliana, tazama UKIMWI. Kazi nzuri, lakini inataka mtu asome kila karatasi, tena ayajue maswali ambayo hayajaulizwa.

Cyril Cleverdon, mkutubi wa chuo cha elimu ya ndege huko Cranfield, Uingereza, aliona heri kupima kuliko kubishana. Katika miaka ya 1960 alichukua makala 1,400 na maswali ya watafiti, akashindanisha aina 33 za faharasa. Kumbe zilizoongoza hazikuwa zile orodha rasmi za wataalamu, bali maneno ya kawaida, moja moja, yaliyochotwa ndani ya makala zenyewe. Wengi hawakuamini, na siwalaumu. Ni kama kuambiwa mganga kashindwa na mgonjwa.

Gerard Salton na wenzake wa Cornell, Marekani, wakaugeuza kila waraka kuwa mstari wa namba, yaani neno hili limetokea mara ngapi na lile mara ngapi, na nyaraka zenye namba za kufanana zikahesabiwa kuwa jirani. Mwaka 1972 Karen Spärck Jones wa Cambridge akaongeza jambo dogo lenye akili nyingi: neno lililomo katika nyaraka chache lipewe uzito kuliko lililoenea kote. "Na" haikuambii kitu. "Bukoba" inakuambia mengi. Lakini Juliana bado alikuwa nje ya mlango.

Mlango ulifunguliwa New Jersey, katika maabara ya makampuni ya simu iliyoitwa Bellcore. George Furnas, Thomas Landauer, Louis Gomez na Susan Dumais walichunguza jinsi watu wanavyovipa vitu vya kawaida majina. Mwaka 1987 walitangaza kwamba uwezekano wa watu wawili kuchagua neno lilelile ulikuwa chini ya 20 katika 100. Sisi wa Kiswahili wala hatushtuki: huyu kompyuta, yule tarakilishi, wa tatu ngamizi, na wote wameketi meza moja.

Basi, kama watu hawapatani maneno, mashine isiulize neno gani limeandikwa. Iulize neno hili hutembea na nani. Mwaka 1990 Scott Deerwester, Dumais, Furnas, Landauer na Richard Harshman walichapisha namna ya kufanya hivyo. Unachora jedwali kubwa, maneno upande huu, nyaraka upande ule, na katika kila chumba idadi. Kisha kwa hesabu unalibana jedwali hilo mpaka maelfu ya safu yabaki kama mia. Katika kubanwa huko, maneno yanayozungukwa na wenzi walewale husukumwa mahali pamoja, hata kama hayajawahi kukutana ukurasa mmoja. Mfano wao ulikuwa na vichwa tisa tu vya taarifa za kiufundi. Waliuliza kuhusu binadamu na kompyuta; viwili kati ya vichwa vilivyofaa havikuwa na hata neno moja la swali, na bado vilikuja.

Rudi sasa kwenye barua yetu. Juliana ya yule mwalimu ina majirani: kukonda, kuharisha, homa, mazishi, mayatima. UKIMWI wa ripoti za baadaye una majirani haohao. Hakuna aliyeiambia mashine kwamba ni kitu kimoja, lakini imewakuta baraza moja.

Mwaka 1997 Landauer na Dumais waliilisha mashine yao ensaiklopidia ya Kiingereza, wakaitahini kwa maswali 80 ya visawe kutoka TOEFL, ule mtihani wa wageni wanaoomba vyuo vya Marekani. Ikapata asilimia 64, sawa na wastani wa waombaji hao. Eti imeelewa? Mimi nasema la. Ilijua majirani, basi.

Na ujirani una hila zake. Juliana ni jina la dada wa watu pia. Paa ni mnyama, paa ni la nyumba. Njia ya 1990 ililipa kila neno mahali pamoja tu, na wote wakabanwa humo. Word2vec ya Tomas Mikolov na wenzake wa Google, mwaka 2013, ilijifunza kwa kasi ya ajabu kutoka mabilioni ya maneno, ila paa alibaki mmoja. Ni mifumo ya baadaye, kama BERT ya 2018, iliyolipa neno mahali papya katika kila sentensi.

Lakini majirani wa nani? Nyaraka za utawala wa Wajerumani zilizoko Dar es Salaam, ambazo UNESCO iliziingiza katika Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997, zinaijua Maji Maji ya 1905 hadi 1907 kwa neno Aufstand, yaani uasi. Ukiilisha mashine hizo peke yake, Maji Maji itakaa na waasi, adhabu na askari, na hesabu yake haitakuwa na kosa. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu, Dar es Salaam, walianza kwenda vijijini kuandika wazee walivyosimulia. Humo Maji Maji inakaa na pamba ya kulazimishwa, kodi, viboko, na Kinjikitile wa Ngarambe na dawa yake. Ni mtaa mwingine kabisa. Anayetaka mtafiti wa kesho aufikie mtaa huo hana budi kuzilisha karatasi za wanafunzi wale pamoja na mafaili ya Wajerumani, tena azipe uzito, kwa sababu ukizipima kwa wingi wa kurasa ni chache mno.