Wakili na Shtaka la 13

Leo tutamtazama wakili mmoja wa Marekani, John Ruffalo wa jimbo la Ohio. Kazi yake ilikuwa kuwatetea watu walioumia kazini katika reli.

Chama cha mawakili kilimshtaki kwa makosa 12. Akafika mbele ya baraza lenye kuchunguza mwenendo wa mawakili, akajieleza. Alisema kwamba mfanyakazi mmoja wa reli hakumtafutia wateja, bali alimlipa apeleleze habari za kesi zake. Maneno hayo yalikuwa ya kujitetea. Lakini baraza liliyashika, likaongeza shtaka la 13: eti amemwajiri mtu ampeleleze mwajiri wake mwenyewe!

Ni kweli, alipewa muda wa kulijibu. Lakini fikiri, ndugu: kama ungalijua mapema kuna shtaka la namna hiyo, je, ungalisema vile vile? Neno likiisha kutoka, halirudi kinywani.

Mwaka 1964 Ohio ilimzuia kufanya kazi ya uwakili, bila kutaja mwisho. Baadaye mahakama ya rufani ya serikali kuu nayo ikamfuta, kwa shtaka la 13 peke yake. Tarehe 8 Aprili 1968 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitangua amri hiyo ya rufani. Jaji Douglas alieleza kwamba kumfuta wakili ni adhabu, tena kesi yake yafanana na ya jinai. Kwa hiyo mshtakiwa sharti ajulishwe mashtaka kabla kesi haijaanza. Utaratibu ule aliuita mtego.